Kupunguza Matawi ya Miembe Mikubwa Iliyo Karibu na Nyumba: Gharama Yake na Uangalifu Wake

Maneno haya yameandikwa kwa ajili yako, mkulima wa Songo Songo na wa pwani yote ya Kilwa mpaka Lindi, uliye na mwembe mkubwa uani kwako. Huenda mwembe huo ulipandwa na babu yako, au na mtu ambaye jina lake halikumbukwi tena. Matawi yake yamepita juu ya paa, na kila upepo uvumapo usiku watu wa nyumbani husema, "Mti huu utatuua." Asubuhi hufanya shauri la kuukata. Kisha maembe huiva, watoto wakala, mengine yakauzwa, na shauri lile hulala mpaka upepo mwingine. Nataka kukuonyesha njia ya tatu, ambayo si kuukata mti wala si kuuacha, bali ni kuupunguza matawi kwa kanuni. Tena nitakuhesabia gharama zake pasipo kukuficha kitu.

Katika nchi za Ulaya mti mkubwa wa nyumbani aghalabu ni mwaloni, na huko kazi hii ina mafundi wake waliofundishwa, wenye vyombo vyao, nao hulipwa fedha nyingi. Sisi hatuna mafundi wa namna hiyo vijijini mwetu. Walakini tunao wakwezi, na tunao mabaharia; na watu hawa wawili wakifanya kazi pamoja, mmoja ajuaye mti na mmoja ajuaye kamba, wanajua karibu yote yanayotakiwa. Yaliyobaki ni haya utakayosoma hapa.

Habari za upepo

Wako wanaosema kwamba tufani ni habari za Bukini na Msumbiji, nasi haitufikii. Si kweli. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu karibu yote ya kisiwa kile na minazi mingi mno. Tarehe 15 Aprili 1952 tufani nyingine ilifika Lindi kwenyewe. (Siku hizo mbili zimelingana kwa bahati tu; hapana haja ya kuiogopa tarehe.) Mwezi wa Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth ilivuka Komoro ikapiga kaskazini ya Msumbiji, si mbali na mpaka wa Mtwara. Na mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilikuja mpaka Mafia na pwani ya Kilwa, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Somanga.

Tazama miezi hiyo: Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Ni mwisho wa mvua, wakati ardhi imelowa na kulegea, na kusi inaanza kuingia. Tena ni wakati mwembe umejaa majani. Songo Songo, kama visiwa vingi vya pwani hii, ni mwamba wa matumbawe wenye mchanga na udongo juu yake, na mahali pengi udongo huo si mwingi. Mzizi mkuu wa mwembe, ambao bara huenda chini sana, hapa hugonga mwamba ukageuka, na mti husimama kwa mizizi ya pembeni. Mti wa namna hii waweza kusimama miaka 60 pasipo neno, kisha siku moja ukalala wote pamoja na mizizi yake.

Nahodha aonapo wingu jeusi linakuja haukati mlingoti, wala hakai akilitazama. Hushusha foromali, akapunguza tanga. Majani ya mwembe ndiyo tanga lake. Ukiyapunguza kwa kiasi, upepo hupita katikati ya matawi, na shina halibebi mzigo wote. Hiyo ndiyo sababu ya kazi yote hii.

Lakini kwanza hapana budi kuuchunguza mti wenyewe, maana iko miti isiyofaa kupunguzwa, ila kuangushwa. Zunguka shina polepole. Gonga kwa nyundo au kwa mgongo wa shoka: pakilia kama ngoma, ndani mna uvungu. Angalia kama uyoga mgumu umeota chini ya shina au juu ya mizizi. Hiyo ni dalili kwamba mti unaoza ndani. Angalia kama udongo umeinuka au umepasuka upande mmoja, na mti umelala kuliko mwaka jana. Mti wenye dalili hizi ulio karibu na chumba cha kulala, kupunguza matawi hakutauponya. Uangushe kwa taratibu kabla haujajiangusha. Mti mzima wenye kuinama tangu utoto wake ni habari nyingine, usiuogope kwa kuinama kwake tu.

Wakati wa kukata

Mwembe huchanua katika ncha za matawi, na ncha hizo hapana budi ziwe zimekomaa kabla ya kutoa maua. Kwetu pwani maua hutoka zaidi Juni mpaka Agosti, na maembe huiva zaidi Novemba mpaka Januari. Basi wakati ulio bora ni mara tu baada ya kuvuna, yaani mwisho wa Januari na mwezi wa Februari. Ukikata wakati huo, mvua za Machi na Aprili hutoa machipukizi mapya, nayo hupata miezi ya kukomaa kabla ya maua. Tena mti utakuwa umekwisha kupunguzwa kabla ya miezi ile ya tufani niliyoitaja. Ukikata Juni umejikatia maua kwa mkono wako, na maembe ya mwaka huo utayanunua sokoni.

Matawi makavu, na yale yaliyovunjika na kuning'inia, hayangojei msimu. Yaondoe siku yoyote uyaonapo.

Usikate mti ukiwa umelowa mvua, wala siku ya upepo. Na mkwezi aliyefunga Ramadhani apande asubuhi na mapema, au kazi ingojee mwezi uishe. Kiu na kizunguzungu juu ya tawi la futi 40 si mambo ya kujaribu.

Jinsi ya kukata

Kosa lililo kubwa ni lile la kukata kichwa cha mti. Mtu huchukua shoka au msumeno wa mashine, akakata matawi yote makubwa katikati, mti ukabaki kama mkono usio na vidole. Majirani husema, "Sasa pako salama." Kweli, mwaka huo pako salama. Walakini kila kigutu hutoa machipukizi kumi au zaidi, yote yakishindania jua, nayo hayakushika ndani ya mti kama tawi la asili lishikavyo. Yameshikwa na tabaka la nje tu. Maji ya mvua hukaa juu ya kigutu, kikaoza kuingia ndani. Baada ya miaka michache mti ni mzito tena, na kila tawi jipya liko juu ya mbao iliyooza. Mti huo sasa ni wa hatari kuliko ulivyokuwa kwanza, na mwenyewe amelipa fedha kwa hatari hiyo.

Basi ukate kwa mpango huu. Kwanza ondoa makavu yote. Pili ondoa yenye magonjwa, na yenye kirukia, yule mmea unaonyonya mti. Mkate pamoja na tawi aliloshika, maana ukimbandua tu hurudi. Tatu, matawi mawili yanayosuguana, ondoa moja lililo dhaifu. Nne, yale yaliyo juu ya paa: yafupishe mpaka mahali yalipogawanyika, ukiacha tawi dogo liendelee kuwa ncha mpya, nalo lisiwe jembamba kuliko theluthi ya unene wa lile ulilokata. Hapo tu ndipo waweza kupunguza mengine kidogo kidogo ili upepo na jua vipite ndani.

Katika kazi yote hii, usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti kwa mwaka mmoja. Ikiwa mwembe umekwenda juu sana nawe wataka urudi chini, fanya kazi ya miaka mitatu. Najua ni vigumu kungoja. Lakini mti hula kwa majani yake, na ukiyaondoa yote kwa pamoja umeutia njaa.

Iko namna nyingine ya kukosea ambayo huonekana kuwa ni usafi. Mkataji hupanda ndani, akafyeka matawi yote madogo ya katikati, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu naye, akaacha majani nchani tu. Mti huonekana safi, illa uzito wote sasa uko mwisho wa tawi. Kila mvuvi aliyesukuma mtumbwi kwa upondo anajua jinsi mti mrefu unavyopinda ukitundikiwa kitu kizito nchani. Mwambie mkataji afanye kazi zaidi kwa nje kuliko kwa ndani, hata kama ni taabu kufika.

Sasa tawi lenyewe. Tawi nene kuliko kifundo cha mkono likatwe mara tatu. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, kiasi cha futi moja na nusu kutoka shinani, uingie theluthi ya unene. Mkato wa pili uwe juu, inchi mbili tatu mbele ya ule wa kwanza. Tawi litavunjika hapo na kuanguka bila kuchuna gome la shina. Ukikata kwa juu tu mara moja, tawi hushuka na gome lake lote likachanika mpaka chini, na jeraha hilo halifunikwi maisha ya mti. Mkato wa tatu ni wa kuondoa kigutu kilichobaki. Angalia vizuri mahali tawi lilipotoka shinani: utaona uvimbe mdogo umelizunguka kama kola ya shati. Kata nje ya kola hiyo, karibu nayo, wala usiikate yenyewe. Humo ndani ya kola ndimo mti ulimoweka nguvu zake za kuziba jeraha. Ukikata sawa na shina ili pawe laini, umeikata. Ukiacha kigutu kirefu, gome haliwezi kukifunika.

Na jeraha lipakwe nini? Vijitabu vingi vya zamani viliagiza kupaka lami au rangi. Shauri hilo limeachwa. Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani, alipasua miti mingi sana kuanzia ncha mpaka mizizi, na kuanzia miaka ya 1970 alionyesha kwamba mti hauponi kama mtu aponavyo, kwa nyama mpya mahali pa nyama iliyooza; bali hujenga kuta ndani yake kuzunguka mahali palipoumia, ukaendelea kukua nje ya kuta hizo. Lami haisaidii kujenga kuta hizo, na pengine huhifadhi unyevu na kuleta uozo. Acha jeraha wazi likauke. Chokaa ina kazi nyingine: matawi makubwa yaliyokuwa kivulini na sasa yamepigwa na jua ghafula, gome lake huungua na kupasuka. Yapake chokaa nyembamba juu yake na upande wa magharibi, nayo yatastahimili mpaka majani mapya yatoe kivuli.

Ukikuta viota vya maji moto, wale chungu wekundu washonao majani, usivichome moto. Wanauma, ni kweli, na mkwezi atakuomba ruhusa ya kuwachoma. Lakini hao ni walinzi wako; katika minazi na mikorosho huwafukuza wadudu wafyonzao nazi changa na machipukizi. Kata tawi lenye kiota kizima kizima, ulitundike kwa kamba katika mti mwingine.

Usalama wa watu

Mti hauna thamani ya shingo ya mtu. Mkwezi wa minazi amezoea kupanda bila kamba, naye atakucheka ukimpa kamba. Mpe hata hivyo, na ikiwa anakataa tafuta mwingine. Kupanda mnazi na kukata tawi ni kazi mbili mbalimbali: katika mnazi mikono yake yote hushika mti, na hapa mkono mmoja una msumeno, na kitu anachokikata kina uzito wa ng'ombe.

Kamba ziwe mbili. Moja ni ya mtu, nayo ifungwe juu yake katika panda nene lililo hai, kisha kiunoni na mapajani. Ya pili ni ya tawi, nayo wala isiwe ile ya mtu. Hapa ndipo baharia aonyeshapo ujuzi wake. Kamba ya tawi ipitishwe katika panda la juu, au katika kapi la jahazi lililofungwa hapo, ishuke mpaka chini na kuzungushwa shina mara mbili tatu. Mtu mmoja akishika mwisho wake, msuguano wa shina humsaidia, naye aweza kulishusha tawi zito polepole kama ashushavyo tanga. Asijifunge kamba hiyo mkononi wala kiunoni. Tawi lililo juu ya paa lisikatwe hata moja pasipo kamba hii. Kamba iliyokaa juani miaka mingi, hata kama inaonekana nene, ivunjwe nyuzi moja ndani yake: ikikatika kama unyasi, ni ya kufungia mbuzi.

Msumeno wa mkono wenye makali unatosha kwa kazi iliyo nyingi. Msumeno wa mashine ufanye kazi chini, kukata yaliyokwisha kuanguka. Juu ya mti ni wa fundi aliyefundishwa tu. Watoto, kuku na mbuzi waondolewe uani, na mtu mmoja awekwe kazi yake ni kuwazuia tu. Kabla ya kupanda, watu watazame vizuri kama muna nyuki au nyoka wa kijani, ambaye katika pwani hii hupenda sana miembe na mikorosho. Utomvu wa mwembe huchoma ngozi, kwa kuwa mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja. Basi mkataji avae mikono mirefu, na machoni pake awe na kinga.

Tawi likiwa karibu na waya wa umeme, usiliguse, wala kwa mti mrefu wala kwa kamba. Peleka habari kwa mafundi wa umeme, wauzime kwanza. Na kwa watu wa Songo Songo peke yao nasema hivi: gesi iligunduliwa kisiwani kwenu mwaka 1974, na mwaka 2004 ilianza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Karibu na visima na njia ya bomba usichome matawi uliyokata, wala usichimbe shimo la takataka. Yapeleke mbali, au uyaache yaoze.

Gharama

Mtu akiuliza kupunguza mwembe ni shilingi ngapi, jibu la haki ni kwamba yategemea unene wa mti, na kwamba uko juu ya bati au juu ya mchanga mtupu. Lakini naweza kukufundisha jinsi ya kuhesabu. Nambari nitakazoandika ni mfano wa hesabu tu. Tia bei za kwenu mahali pake.

Tuseme mkwezi anataka shilingi 20,000 kwa siku, na kazi ni ya siku mbili: 40,000. Wasaidizi wawili wa chini kwa 10,000 kila mmoja kwa siku: 40,000. Chakula chao 10,000. Tupa ya kunolea msumeno na kuazima kamba, 10,000. Ikiwa mkwezi anatoka Kilwa Masoko au Somanga, nauli ya mashua kwenda na kurudi, tuseme 20,000. Jumla ni 120,000. Ni fedha nyingi kwa mvuvi na mkulima, sikatai. Sasa hesabu upande wa pili. Tawi moja likianguka usiku likavunja mabati 8, kwa 35,000 kila bati, ni 280,000, mbao na misumari tuseme 60,000, fundi 60,000. Jumla 400,000, nami sijamtia mtu aliyelala chini yake.

Njia ya kupunguza gharama ni kushirikiana. Nyumba nne zenye miembe mikubwa zikimwita mkwezi mmoja, nauli hulipwa mara moja, kamba hutumika kwa wote, na vijana wa nyumba hizo huwa ndio wasaidizi. Tena mti uliopunguzwa vizuri mwaka huu, mwaka ujao hautaki ila kazi ya nusu siku.

Katika jambo la malipo nina shauri moja ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote: usimlipe mkataji kwa kuni. Wengi hufanya hivyo, kwa kuwa mfukoni hamna fedha, nayo huonekana ni bure. Lakini mtu anayelipwa kwa kuni hukata kuni. Matawi membamba makavu hayamfai kitu. Atakata manene yaliyo mazima, na mti wako ndio utakaolipa ujira. Mlipe fedha, hata ikiwa ni kidogo kidogo, na kuni ziwe zako. Patana kwa mti mzima, wala si kwa siku. Onyesha kila tawi litakalokatwa kwa kulitia alama ya chokaa. Mpe nusu kabla, na nusu ukiisha kuona mikato yote. Na iandikwe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ni nani atakayelipa bati likivunjika.

Mchonga mitumbwi naye atapita, akautazama mwembe wako kwa macho ya mapenzi. Shina la mwembe ndilo litokalo mtumbwi na ngalawa njema, na bei atakayoitaja itakuvuta. Ikiwa mti ni ule wenye uvungu, hatautaka. Ikiwa ni mzima, kumbuka kwamba fedha yake huja mara moja, na mwembe utakaopanda mahali pake, ukiwa wa kokwa, utangojea miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Sikukatazi kuuza. Nakuambia tu uhesabu maembe ya miaka kumi na kivuli cha baraza kabla hujashika fedha yake.

Na kabla ya kushika panga au fedha, uliza: mwembe huu ni wa nani? Katika pwani yetu shamba laweza kuwa la mtu mmoja na mti uliomo ukawa wa mwingine, na mwembe wa urithi waweza kuwa na wenyewe wanane, watatu wako Dar es Salaam na mmoja Unguja. Aliyepanda mti amekufa zamani, lakini mafungu yake yanajulikana, na maembe yake hugawanywa. Wapelekee wote habari, upate maneno yao mbele ya wazee. Kadhalika matawi yaliyovuka mpaka kwa jirani: zungumza naye kwanza, hata ikiwa mti ni wako. Nimeona ndugu wasiosemezana miaka mingi kwa sababu ya tawi moja ambalo lingekauka lenyewe. Na ikiwa wataka kuchoma mkaa kwa matawi hayo, au kuyasafirisha magogo kuvuka bahari, pita kwanza ofisi ya kijiji na ya misitu ukaulize ruhusa.

Miti mingine ya nyumbani

Mkorosho hukatwa kwa kanuni hizohizo, mara baada ya kuvuna korosho, na machipukizi ya ndani karibu na shina yaondolewe yote, maana ndiko ubwiriunga huanzia. Mwarobaini huvumilia kukatwa sana na kurudi upesi. Msufi na mzambarau matawi yake huvunjika kwa urahisi, basi mkwezi asiyaamini. Mvinje, mti ambao wenyeji husema ndio uliotoa jina la Kivinje, usiukate kichwa kabisa. Aghalabu hautoi tena. Mnazi una kilele kimoja tu, nao haupunguzwi: ondoa makuti makavu na vifuu, na makuti mabichi yaache.

Baada ya kazi

Mwaka wa kwanza maembe yatapungua. Wa pili yatarudi, tena yatakuwa karibu na mkono, nayo ni faida ambayo wengi hawaitii katika hesabu. Embe lililo juu mno huanguka likapasuka, na humo nzi wa matunda huzaliana. Yule nzi aliyetoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi katika Afrika ya Mashariki, huharibu maembe mengi kwa njia hii. Mti wa chini huvunwa kabla ya kuanguka, na yaliyoanguka huokotwa kila siku na kufukiwa.

Miezi mitatu baada ya kukata, panda tena utazame. Penye mkato utaona machipukizi mengi pamoja. Acha mawili au matatu yaliyo mbalimbali na yanayoelekea nje, na mengine uyavunje kwa vidole yangali laini. Kazi hii haitaki msumeno wala mkwezi, mtoto wa miaka 15 mwenye akili anaiweza katika matawi ya chini. Ukiiacha mpaka mwaka upite, itataka msumeno.

Majani na vijiti vidogo vitandaze chini ya migomba au mihogo. Matawi mazito yapasue upesi, uyapange juani yakauke kuwa kuni, wala usiyaache yaoze katika rundo karibu na minazi, pamoja na magogo ya minazi iliyokufa. Katika miti iliyooza ndimo chonga hutaga, yule mdudu mweusi mwenye pembe atobowaye kilele cha mnazi. Ukipasua gogo la zamani ukakuta funza weupe wakubwa waliojikunja, wamwage uani. Kuku watajua la kufanya.